Akivunjika mguu, tazama vidole

Hapa Moshi mtu akivunjika mguu, maongezi ya ukoo mzima huwa ni mfupa: umeunga, haujaunga, umekaa vibaya, utapinda. Nimemuuguza shemeji yangu, dereva wa bodaboda aliyegongwa upande wa Himo akavunjika ugoko, na kwa niliyoelezwa na wauguzi wakati ule naweza kukwambia hivi: mfupa utajiunga kwa wakati wake. Kinachotaka macho yako usiku na mchana ni damu inayoufikia.

Mifupa tuliyozoea kuiona ni ya buchani, au ile inayobaki kwenye bakuli la supu, kwa hiyo tunaichukulia kama kitu kikavu. Mwilini haiko hivyo. Kila mfupa umevikwa utando mwembamba wenye mishipa midogo ya damu na hisia kali, ndiyo maana ukijigonga ugoko kwenye stuli machozi yanakutoka. Chini ya utando huo kuna ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) inayopenya hadi ndani, na katikati kuna uboho. Mfupa ukivunjika, vyote hivyo vinachanika pamoja. Mtu mzima aliyevunjika paja anaweza kumwaga lita 1 hadi 1.5 ndani ya paja lake bila tone kuonekana nje, wakati damu yote aliyonayo ni kama lita 5. Kwa hiyo majeruhi ambaye paja limevimba, anatoka jasho la baridi, ana kiu na mapigo yanakwenda mbio, asikandwe wala asipewe soda. Atafutiwe gari, apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu.

Na iwe gari kweli. Kumpandisha mshikaki kwenye bodaboda nyingine huku mguu unaning'inia ni kuipa ile ncha ya mfupa nafasi ya kukata ateri ambayo ajali yenyewe iliiacha salama. Tafuta fito mbili au mbao, weka kanga katikati, funga mguu kama ulivyo bila kuunyoosha, fito zipite goti na kifundo. Mfupa ukiwa umetokeza nje, funika kwa kitambaa safi na uuache hapo hapo. Usiurudishe. Majivu, majani na mafuta ya breki viwe mbali; nimeshuhudia vyote vitatu vikipendekezwa na watu wenye nia njema kabisa.

Sasa vidole. Mgonjwa akishafungwa hogo, ile plasta ngumu, wageni husifu hogo lilivyo jeupe. Wewe tazama vidole vinavyochungulia. Bonyeza ukucha mpaka upauke, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Vishike ujue kama vina joto sawa na vya mguu mzima. Mwambie avichezeshe. Muulize kama anahisi ukivigusa. Usiku pia, hasa siku za mwanzo uvimbe unapopanda.

Sababu yake ni hii. Misuli iliyo chini ya goti imegawanyika katika vyumba vinne, kila kimoja kimezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Damu na majimaji yakijaa humo hayana pa kwenda, basi yanabana mishipa midogo mpaka misuli inakosa damu. Ndani ya saa chache tu misuli inaweza kuanza kufa. Dalili kubwa ni maumivu yasiyolingana na jeraha: yanazidi badala ya kupungua, dawa haziyagusi, na ukimnyoosha kidole gumba cha mguu anapiga kelele. Usimwongezee diklofenaki ya duka la dawa ili alale. Na usitulie eti kwa sababu mapigo ya juu ya unyayo bado unayasikia. Ateri kubwa inaweza kuendelea kudunda wakati misuli inakufa. Mrudishe hospitali usiku huo huo. Kama ni hogo linalobana, watalipasua, na baadhi ya wagonjwa huhitaji upasuaji wa haraka wa kuvifungua vile vyumba.

Kwa mtazamo huo huo, namheshimu mzee anayeunga mifupa kule kwetu mlimani, mikono yake inajua mengi. Lakini vijiti vinavyofungwa kwa kamba na kukazwa kila siku juu ya mguu uliovimba vinafanya kazi ile ile ya hogo linalobana, na hakuna anayebonyeza kucha. Kuchua nako kunavuruga lile bonge la damu linaloganda palipovunjika, ambalo ndilo mwili unaanzia kujenga. Humo huota mishipa mipya, halafu gegedu (kitu kigumu kiasi kinachopindika, kama cha sikio), halafu mfupa mchanga. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa mafuta ya kondoo. Nilimwambia, "Mama, tuyaweke, daktari akiruhusu tutachua miguu yote miwili." Alicheka, akayafunika.

Uvumilivu nao una sababu za kimwili. Robo tatu ya maswali ya majirani ni "mbona hajaacha magongo?" Ugoko wa mtu mzima huchukua miezi 3 au 4, na sehemu yake ya chini, karibu na kifundo, huchelewa zaidi. Shika ugoko wako uone: mbele ni ngozi na mfupa tu, nyama hakuna. Penye nyama kidogo pana mishipa michache ya damu, na penye damu kidogo ujenzi unakwenda polepole. Mtoto wa miaka 5 atamaliza mapema zaidi, asikutie wivu. Anayevuta sigara anajichelewesha kwa hiari yake, maana nikotini inabana mishipa hiyo hiyo tunayoihangaikia.

Kuhusu chakula, mtori, ile supu ya ndizi na nyama, uliletwa kwetu kwa vyungu. Mzuri sana, endelea kupika, ila tusiupe sifa isiyo yake, eti uboho uliomo unaongeza damu. Uboho wa ule mfupa mrefu wa ng'ombe, tunaougonga sahani utoke, ni mafuta kwa sehemu kubwa. Hata sisi watu wazima uboho wa katikati ya mifupa mirefu umegeuka mafuta ya manjano. Uboho mwekundu unaotengeneza chembe za damu umebaki kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu na ncha za mapaja na mikono karibu na mwili. Ili ufanye kazi unataka madini ya chuma, na hayo yako kwenye maini, nyama nyekundu, dagaa, maharage na mboga za majani. Kisusio nacho hakidanganyi, kimepikwa kwa damu ya mbuzi. Ale na chungwa, ila chai ya rangi isubiri, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa.

Mkiombwa ndugu mchangie damu, nendeni. Chupa moja ni kama mililita 450. Maji yake mwili unayarudisha kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, ndiyo maana mwanaume anaambiwa asubiri miezi 3 na mwanamke 4 kabla ya kuchangia tena.

Mgonjwa anayelala tu naye ana hatari yake: damu kuganda kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za ndani za mguu. Shavu la mguu likivimba na kuuma upya, au akishikwa ghafla na kubanwa kifua na kukosa pumzi, hilo ni jambo la kukimbilia hospitali. Acheze vidole, akae, asimame na magongo mara tu atakaporuhusiwa.

Na ninyi madereva mnaoanguka mkajikinga kwa kiganja: kuna kamfupa kadogo kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambako damu yake nyingi inaingilia upande wa vidole na kurudi kuelekea kiwiko. Kakivunjika katikati, kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kukosa damu kikafa, na ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Ukibonyeza lile bonde linalojitokeza kwenye shina la kidole gumba ukikinyoosha, na panauma, usikubali "umeteguka tu" kuwa jibu la mwisho. Omba mkono ufungwe, kisha urudi kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14.