Shangazi, hatupo kambini: kwanini tumeuza nyumba tukahamia kwenye tela

Shikamoo shangazi, shikamooni wakubwa wote wa Ujiji na Gungu, wadogo zangu hamjambo. Ile voisi uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa natoka shifti nimechoka sikuielewa vizuri. Unasema "mwanangu tumesikia umeuza nyumba huko Marekani saivi mnaishi kambini, mna shida gani mbona hamtuambii", na mwishoni sauti yako imebadilika kabisa, imeniuma mno. Nimeona nikujibu kwa kuandika, kijana akusomee taratibu, na wale wengine wanaoniuliza pembeni wasome hapahapa maana swali lenu ni moja.

Hatupo kambini. Najua neno limeanzia wapi, mdogo wangu alimwambia mama "dada anaishi kwenye kempa", likafika sokoni Mwanga likawa kempu, mpaka linafika kwako limeshakuwa kambi. Na kwetu Kigoma mtu akisikia kambi haulizi mara mbili, anaiona Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi, anaona maturubai na foleni ya maji na kadi ya mgao. Nilikuwa shule ya msingi 1996 kipindi watu wanavuka ziwa kutoka Kongo na mizigo kichwani, nawakumbuka, kwahiyo nimeelewa kwanini ulilia.

Kempa ni nyumba ya kuvutwa na gari. Yetu ni tela la urefu wa karibu mita 10 na upana wa mita mbili na nusu hivi, lina chumba cha kulala, jiko, friji, choo na bafu, sebule ndogo yenye meza, na kuna ubavu mmoja ukibonyeza batani unatoka nje sebule inaongezeka. Linavutwa na pikapu kubwa ya dizeli, na halifungwi kwenye bampa, linakaa katikati ya bodi ya pikapu kama lile semi tela linavyokaa kwenye kichwa chake. Kama umeshapanda treni yetu daraja la pili kulala kutoka Kigoma mpaka Dar unaelewa ninachosema, kila kitu kina pachiko lake, chini ya kitanda ni kabati, chini ya ngazi ni droo, ukiacha sufuria juu ya jiko mkaanza kuondoka utalikuta chini.

Sasa kwanini. Shangazi wewe unakumbuka kota za reli, baba alipostaafu tulipewa muda tukatoka, mama amepanda maua pale miaka na miaka, kapanda na ule muembe, na siku ya kutoka akawa anaugusa tu haongei. Ile siku nilijiapiza nikikua nitakuwa na nyumba yangu. Ndo maana 2013 tuliponunua nyumba Texas karibu na Houston niliwatumia picha nyingi, nyasi, gereji, vyumba vitatu, mkafurahi, kila mtu akasema fulani kajenga Marekani. Hatukujenga. Tulikopa benki dola 165,000 za kulipa miaka 30, na mkopo wa nyumba huku miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya unacholipa ni riba, deni lenyewe linapungua kidogokidogo sana. Miaka kumi tumelipa karibu laki moja ya dola kwa mkopo peke yake alafu deni limepungua elfu 33 tu, tulikuwa bado tunadaiwa elfu 132. Nilipoipiga ile hesabu vizuri mezani usiku na mume wangu nikaona kumbe niko kota tena, tofauti ni kwamba saivi mwenye kota ni benki.

Na sio benki tu. Texas jimbo halikati kodi ya mapato ya mshahara ila kodi ya kumiliki nyumba ni kali, sisi tulikuwa tunalipa zaidi ya dola 5,500 kwa mwaka, na hiyo hata ukimaliza mkopo haiishi, usipolipa wanaweza wakaiuza nyumba. Bima ya nyumba ndo usiseme, upande ule wa pwani kuna vimbunga na mvua ya mawe, 2017 kimbunga Harvey maji yaliishia kwenye ngazi ya mlango wetu tukalala tumekaa na mabegi, jirani mtaa wa chini maji yaliingia mpaka kiunoni. Baada ya hapo bima ikawa inapanda kila mwaka mpaka ikakaribia mara mbili. Jumla mkopo, kodi na bima ilikuwa kama dola 1,650 kwa mwezi kabla hujawasha taa. Alafu mie ni nesi wa mikataba, wiki 13 hospitali hii, wiki 13 jimbo lingine, kwahiyo nikawa nalipa nyumba ambayo silali na wakati huohuo nalipa chumba ninapofanyia kazi, na kijana wetu alipoenda chuo mume wangu akabaki peke yake na vyumba vitatu. Ndoa ya kwenye simu mie sikuitaka tena.

Tukauza 2023. Nawapa namba kamili kwa sababu nimesikia kuna watu wanasema nimekalia mamilioni. Iliuzwa dola 262,000. Benki ikachukua 132,000 yake, madalali na makaratasi kama 18,000, tukabaki na 112,000. Pikapu iliyotumika 47,000, tela lililotumika 36,000, tukabakiwa na 29,000. Katika hizo, 11,000 ndo ile nyumba ya mama Gungu ilivyoisha, bati, sakafu, kisima na tenki, na hati ina jina la mama. Zile 18,000 zipo benki za dharura, na dharura huku zinakuja kweli. Hakuna nyingine iliyofichwa.

Sasa hivi tunalipa kiwanja cha kupaki kama dola 700 kwa mwezi, kina bomba la maji, umeme na shimo la maji machafu, umeme juu yake, bima, dizeli siku za kuhama, tunazunguka kwenye 1,300 mpaka 1,500. Tofauti mnaiona. Ila msikimbilie hapo mkasema basi ni raha, maana ndo nilichotaka kukuambia ukweli shangazi, kuna vitu ambavyo kwenye zile video nzuri za maisha ya tela, za milima na kahawa, havionyeshwi.

Maji machafu kwa mfano. Chini ya tela kuna matenki matatu, la maji safi, la maji ya kuogea na vyombo, na la choo. La choo linajaa, na likijaa tunalimwaga wenyewe. Mume wangu anavaa glavu, anaunganisha bomba nene toka kwenye tela mpaka kwenye shimo, anavuta kwanza mkono wa tenki la choo, anasubiri, unasikia linavyoshuka mpaka sauti inabadilika inakuwa nyembamba, ndo anafungua la maji ya sabuni lisafishe bomba. Mpangilio ukiugeuza bomba linabaki chafu. Akisafiri nafanya mimi. Mara ya kwanza niliyofanya peke yangu sikuwa nimelipachika bomba vizuri, siku hiyo nilikaa nje mpaka giza namwagia maji changarawe na dawa, nalia. Mimi ambae kazini nahudumia wagonjwa wa kila aina.

Baridi nayo. Tulikuwa New Mexico mwezi wa kwanza, usiku ikashuka mpaka nyuzi tisa chini ya sifuri, mpira wa maji ukaganda wote ukawa kama fimbo. Nina shifti ya saa moja asubuhi, masaa 12, hakuna tone. Nikanawa na maji ya chupa nikaenda. Tangu hapo tumenunua mpira wenye waya wa kuupasha moto, na kila jioni ya baridi naangalia hali ya hewa kabla sijaangalia kitu kingine. Na paa, paa la tela lina gundi kwenye maungio, lazima upande ukague mara kwa mara maana maji yakipenya kidogo tu mbao zinaoza ndani kwa ndani na wewe huoni. Nyumba ya Texas ilikuwa inapanda bei, hili tela linashuka kila siku, tukiliuza baada ya miaka mitano hatupati hata nusu. Hilo tulilijua tukaamua hivohivo, ila hatukukopa. Kuna watu wanauziwa tela jipya kwa mkopo wa miaka 15 au 20, jamani msikubali, utadaiwa pesa nyingi kuliko thamani ya kitu chenyewe.

Kuna na hili la kodi, manesi wenzangu mnaonifuata mnisikilize vizuri. Nesi wa mkataba sehemu ya malipo anapewa kama posho ya malazi isiyokatwa kodi, lakini sharti uwe na makazi yako mengine unayoyagharamia. Ukiuza nyumba ukawa unahama na tela, sheria ya kodi inakuhesabu huna makao ya kudumu, popote unapofanya kazi ndo kwako, kwahiyo ile posho inakatwa kodi. Sisi hatukuambiwa na aliyetuuzia tela wala aliyeniajiri, tumeambiwa na mtu wa mahesabu wakati wa kujaza fomu, ikatutoka pesa. Bima pia, bima ya kawaida ya tela ni ya kwenda likizo, ukiwa unaishi humo mwaka mzima inatakiwa ile ya wakazi, la sivyo siku likiungua unaweza ukakataliwa. Na anwani, barua zetu zinafikia kwenye ofisi ya kupokelea barua Texas wanazipiga picha wanatutumia, leseni yangu ya unesi nayo ni ya Texas. Kwa mwenye grini kadi kila ukibadili anwani unatakiwa uwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10, kwa mtu anaehama kila miezi mitatu hilo sio la kusahau.

Mdogo wangu wa Kasulu ameniuliza je akija aanzie kwenye tela moja kwa moja si rahisi kuliko kupanga. Hapana mdogo wangu. Huna historia ya mkopo, hujui kuendesha na tani tano nyuma yako kwenye upepo wa barabara kuu, hujui fundi yupi mkweli. Na usidhani wote wanaoishi hivi wamechagua. Hapa tulipo jirani yangu mmoja ni bibi mwenye zaidi ya miaka 70, kodi ya kupanga nyumba ilimshinda, anafanya kazi ghala usiku anarudi kulala kwenye tela bovu ambalo haliwezi tena kuvutwa. Nampelekea chakula. Huwa nikimuangalia nakumbuka kwamba mimi nimeingia humu nikiwa na akiba na kazi, yeye kaingia kwa kusukumwa.

Lakini yapo mazuri na nayasema kwa moyo mmoja. Kati ya mikataba miwili tulikaa wiki sita Quartzsite, Arizona, jangwa la serikali, kibali cha msimu mzima kuanzia tarehe 15 mwezi wa tisa mpaka 15 mwezi wa nne kilikuwa dola 180, unapaki unapotaka ndani ya eneo lao. Umeme wa sola juu ya paa, maji mnachota sehemu moja na madumu kama tulivyokuwa tunachota Ujiji. Wazee wengi waliostaafu toka majimbo ya baridi na Kanada wanakuja pale. Jioni mume wangu anawasha jiko la gesi nje, nakaanga dagaa wetu wa Kigoma mama alionitumia na mtu, nje kwa sababu ukikaanga ndani harufu inalala na nyie wiki nzima, natia mawese kwenye maharage, jua linazama jekundu vilevile kama linavyozama upande wa Kongo ukiwa umekaa Kibirizi. Miaka kumi kwenye ile nyumba sijawahi kukaa na mume wangu wiki sita mfululizo.

Kinachoniuma ni kimoja. Ile nyumba ya Texas ndo ilikuwa nyumba ya watu. Sikukuu ya Idi tulikuwa tunafika watu 30 na zaidi, masufuria ya pilau gereji, watoto kwenye nyasi. Mtu akifiwa nyumbani, wanakuja kwetu, tunatandika mikeka sebuleni, tunasoma, tunachanga. Mwaka huu rafiki yangu kafiwa na mama yake Tabora, simu ya kwanza kanipigia mimi, "nije kwako?", na mimi niko jimbo la pili, nina sebule ya watu wanne. Akakaa msiba kwenye nyumba ya kupanga, majirani wa juu wakalalamika kelele. Hilo sijalipatia jibu mpaka leo na sitakudanganya kwamba nimelipata, na nikisikia watu wanasema tumeuza nyumba ya watu siwabishii, ni kweli.

Umeniuliza pia mgeni akija analala wapi. Ile meza ya sebule inashushwa, mito inapangwa juu yake, inakuwa kitanda cha watu wawili, kijana wetu akija likizo analala hapo. Mkataba huu unaisha mwezi ujao, Jumapili niko ofu, saa mbili za usiku kwenu nitampigia mama video, nenda Gungu ukae nae. Nitakuonyesha kuanzia mlangoni mpaka chooni, na mume wangu atakuonyesha jinsi ubavu unavyotoka. Na ukifika mwambie mama afungue ile koki ya tenki uone kama maji yanapanda, maana fundi ameniambia tayari na mimi nataka jibu lako wewe.