Maswali ya wasomaji: Ozoni, dagaa wa Kigoma na gesi ya friji

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku Same. Nimepangiwa kueleza ongezeko la joto duniani kwenye mkutano wa kijiji. Nikisema tabaka la ozoni limetoboka ndiyo maana jua linatuunguza, nitakuwa sahihi?

Hapana, Mheshimiwa, ingawa hata walimu wengi hulisema hivyo. Ozoni ni habari nyingine. Iko juu sana, kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, na kazi yake ni kuchuja miale ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho. Iliharibiwa na gesi za friji za zamani na za makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa sokoni, na tabaka hilo sasa linapona taratibu. Joto la dunia lenyewe linazidi kupanda.

Sema hivi: mwanga wa jua hupita hewani bila shida, ukapasha moto ardhi, bahari na mabati. Vitu hivyo navyo hurudisha joto juu, lakini joto hilo halionekani kwa macho, na hewa ukaa, methani na mvuke wa maji hulinasa na kurudisha sehemu yake chini. Mfano wa blanketi utaeleweka kuliko wa tundu, maana blanketi halina moto wake, linazuia tu joto lako lisitoke. Na usiziite gesi hizi adui. Bila hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 hivi juu yake. Tatizo ni kiasi. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa 280. Leo imepita 420, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia.

Jiandae kwa swali moja. Ukisema mwaka 2024 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.5 hivi kuliko miaka ya 1850 hadi 1900, mtu atakuuliza mbona asubuhi na mchana tu hupishana nyuzi 10. Mjibu kwamba 1.5 ni wastani wa dunia nzima, bahari zikiwemo, kwa mwaka mzima. Enzi ya mwisho ya barafu, theluji ilipofunika sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini, wastani huo ulikuwa chini kwa nyuzi chache tu.

Kama ni joto, mbona tunapata mafuriko? Na ukame? Chagueni kimoja. (Msomaji, Dar es Salaam)

Vyote viwili vina chanzo kimoja. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Mahali pasiponyesha, hewa hiyo hunyonya unyevu wa udongo haraka zaidi. Panaponyesha, humwaga mengi kwa mkupuo. Juu ya hapo kuna mabadiliko ya bahari ambayo yalikuwepo tangu zamani, yaani El Niño (maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto), pamoja na hali ya Bahari ya Hindi upande wetu kuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. Ndiyo yaliyochangia mvua za vuli za 1997, 2019 na 2023.

Lakini tusiibebeshe tabianchi mizigo isiyo yake. Nyumba iliyojengwa Bonde la Msimbazi, kwenye njia ya maji, ingefurika hata kwa mvua za enzi za babu. Mtaro uliojaa chupa za plastiki ni hivyo hivyo.

Dagaa na migebuka wamepungua Ziwa Tanganyika. Wazee wanasema ni joto, serikali inasema ni uvuvi haramu. (Mvuvi, Kigoma)

Ndugu yetu, wote wana hoja. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470. Chakula cha mimea midogo ya majini, yaani rutuba, kiko chini. Upepo wa kusini wa kiangazi, kuanzia Mei hivi, huyasukuma maji ya juu na kuipandisha rutuba hiyo. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale mazito bila kuchanganyika vizuri. Mimea midogo ikipungua, wadudu wa majini wanaoila hupungua, kisha dagaa, kisha migebuka anayemla dagaa. Nyavu za macho madogo zinakuja kumalizia kile kidogo kilichobaki.

Kwa hiyo kulifunga ziwa, yaani kusimamisha uvuvi, kama ilivyofanyika Mei hadi Agosti 2024, huwapa samaki nafasi ya kuzaliana, ila hakupoozi maji. Msitegemee wingi wa miaka ya nyuma urudi kwa hatua hiyo peke yake.

Mimi ni fundi friji. Nikitengeneza huwa naachia gesi iliyobaki hewani. Ni gramu chache tu. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa kuliko unavyodhani. R134a, gesi ya friji nyingi, haigusi ozoni, na ndiyo sababu ilichukua nafasi ya R12, gesi ya friji za zamani. Lakini katika kunasa joto kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake ni sawa na kilo 1,400 hivi za hewa ukaa. Friji yenye gramu 150 ukiiachia, umetoa sawa na kilo 210. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3, hivyo gesi ya friji moja ni kama kuchoma lita 90 za petroli. Kwa sababu hiyo nchi zilikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza gesi za kundi hili.

Soma kwanza kibandiko cha nyuma, karibu na kompresa, ujue ni gesi gani na gramu ngapi. Kama ni R134a, toboa bomba la huduma kwa vali ya kubana, unga mpira kwenye mashine ya kuvutia gesi, na uikusanye kwenye silinda maalumu iliyo juu ya mizani. Usipitishe asilimia 80 ya ujazo, maana gesi iliyo kimiminika hutanuka, na silinda iliyojaa pomoni ikiachwa juani hupasuka. Kila aina iwe na silinda yake. Ukichanganya R134a na R22, gesi nyingine ya kupoozea, hakuna atakayeweza kuitumia tena.

Kisha tafuta tundu. Kosa linalotuudhi ni kuongeza gesi bila kuziba linapovuja, mteja akarudi baada ya miezi mitatu na gesi yote imeshakwenda. Jaza naitrojeni, paka povu la sabuni kwenye viungio, ziba, vuta vakyumu, ndipo upime gesi kwa mizani, si kwa kukisia kwenye geji.

R600a, gesi ya friji nyingi za kisasa, ina athari ndogo sana kwa joto la dunia, lakini inawaka. Usiitie kwenye friji iliyoundwa kwa R134a: swichi na thamostati zake zinaweza kutoa cheche. Na usitumie mwali wa kulehemu kabla gesi haijaisha kwenye bomba.

Jiko langu la mkaa nalo linaharibu dunia? (Mama lishe, Morogoro)

Mama, Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, kwa hiyo wewe si wa kwanza kulaumiwa. Ubaya wa mkaa uko msituni: kwenye tanuru la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni, na mara nyingi miti haiachwi ichipue. Jiko banifu lenye kauri hupunguza matumizi. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, na ukimaliza uzime mkaa uliobaki kwa kuufunika ili uutumie kesho. Jiko lisilale ndani ya nyumba mnamolala, maana gesi ya mkaa haina harufu na inaua.