Mbono kaburi: majibu ya maswali yenu kuhusu ukuaji na mavuno yake

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuuliza juu ya mbono kaburi, mti wa jamii moja na muhogo na mnyonyo, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kutengenezea sabuni na dizeli. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na inaaminika kuwa mabaharia wa Kireno ndio walioueneza hadi Afrika, ambako kwetu ulijulikana kwa kupandwa makaburini na kwenye mipaka ya mashamba muda mrefu kabla mtu hajautaja kwa habari ya injini.

Nilipanda mibono miaka mitatu iliyopita. Wakati wa mvua inapendeza, lakini kiangazi inapukutisha majani yote, na mbegu ninazovuna hazijai debe. Niing'oe? (Msomaji, Singida)

Ndugu yangu, kupukutisha majani si ugonjwa. Shina la mbono ni nene na laini, limehifadhi maji, na mti unapoona ukame unaacha majani ili maji hayo yasipotee hewani. Kwa njia hiyo unaweza kuishi mahali penye mvua ya milimita 300 tu kwa mwaka. Lakini kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine, kwa kuwa mti usio na majani hautengenezi chakula, na chakula kidogo ulichotengeneza katika miezi michache ya mvua unakitumia kwanza kujenga mizizi na shina, kisha kinachosalia ndicho kinachokwenda kwenye tunda. Ili uzae vizuri, mbono unataka mvua inayozidi milimita 1,000 pamoja na udongo wenye rutuba usiotuamisha maji, yaani uleule ambao mahindi nayo yangeutaka.

Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu katika miaka ya 2000 wakulima wengi waliambiwa kwamba mti huu unastawi kwenye ardhi iliyochoka, bila mbolea wala maji, na kutoa tani 5 au zaidi za mbegu kwa hekta. Tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand iliruka kwa majaribio, injini yake moja ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya mbono, na matumaini yakapanda kupita kiasi. Mwaka uliofuata, wataalamu walioyakagua mashamba ya wakulima wadogo nchini Kenya walikuta mavuno duni mno, wakashauri mbono usihimizwe kwa wakulima hao ila kama ua wa kuzungushia shamba. Huku kwetu, miradi mikubwa ya Kisarawe na Kilwa ilianguka, na wanavijiji walioitoa ardhi yao wakabaki bila ardhi na bila ajira waliyoahidiwa. Mashamba mengi hayakufikia hata tani 1 kwa hekta. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ambapo hekta inachukua miche 1,111, tani hiyo moja ni chini ya kilo moja kwa kila mti.

Kwa hiyo, usiing'oe iliyo mpakani. Iliyo katikati ya shamba, hasa palipo na udongo mzuri, iondoe upande mtama au alizeti.

Kipi bora, kupanda mbegu au vipandikizi? (Msomaji, Kitui)

Inategemea unautaka kwa kazi gani. Mche wa mbegu huteremsha mzizi mkuu na kutandaza mizizi minne ya pembeni, kwa hiyo unashika udongo na kufuata unyevu ulio chini. Kipandikizi hakina mzizi mkuu. Huchipua upesi, huzaa mapema, na hufaa kwa ua unaotakiwa kuziba haraka, lakini ukame mkali hukisumbua zaidi.

Nataka kupima tungamotaka ya mibono kwa ajili ya utafiti wangu. Nifanyeje bila kukata shamba zima? (Mwanafunzi, Morogoro)

Tungamotaka ni jumla ya uzito mkavu wa mmea: mizizi, shina, matawi, majani na matunda. Neno la kushikilia hapo ni «mkavu». Kata tawi la mbono lenye unene wa mkono na utaona utomvu ukitiririka na moyo wake ukiwa laini. Lipime, likaushe, kisha lipime tena, nawe utastaajabu kuona zaidi ya nusu ya uzito imetoweka, kwa kuwa yalikuwa maji. Ndiyo maana mti huu unaoonekana mkubwa ni kuni hafifu, na ndiyo maana uzito mbichi peke yake haukwambii lolote la maana.

Chagua miti michache ya umri na ukubwa tofauti. Kabla ya kuikata, pima kipenyo cha shina karibu na ardhi, kwa sababu mbono hutoa matawi chini sana na kipimo cha usawa wa kifua kinachotumiwa kwa miti ya mbao hakiufai. Kisha kata, tenganisha sehemu, pima kila sehemu ikiwa mbichi, chukua sampuli na uziweke kwenye oveni ya maabara hadi uzito wake uache kupungua. Uwiano wa mkavu kwa mbichi utakupa uzito mkavu wa mti mzima, na ukiulinganisha na kipenyo utapata mlinganyo wa kukadiria miti uliyoiacha imesimama. Mizizi ichimbe kwa subira, kwani ndiyo inayosahauliwa na wengi. Andika pia msimu, maana mti uleule una uzito mwingine mwezi wa Aprili na mwingine mwezi wa Septemba.

Nakuomba usiishie kwenye jumla. Swali lenye manufaa kwa mkulima ni sehemu gani ya uzito huo imekwenda kwenye mbegu.

Mibono yangu inatoa maua mengi, lakini matunda ni machache. Kasoro ni nini? (Msomaji, Lindi)

Huenda hakuna kasoro. Katika kishada kimoja maua dume huwa mengi sana, mara nyingi 20 au zaidi kwa kila ua jike moja, na hata hilo jike linahitaji nyuki au wadudu wengine wa kulichavusha. Kwa kuwa maua hutokea kwenye ncha za matawi, kupogoa mti ukiwa mdogo, wakati umepukutisha majani, huongeza matawi na hivyo ncha za kuzalia. Kagua pia majani: ukiona matundu madogo mengi na mbawakavu wadogo wa rangi ya dhahabu, hao hula majani, na viluwiluwi wao hutafuna mizizi.

Je, mashudu yake naweza kuwapa mbuzi? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, kabisa. Mbegu na mashudu yake vina sumu, na watoto wasiachwe kuzichezea mbegu hizo. Mashudu hayo ni mbolea nzuri, yafukie shambani.

Sisi akina mama tunavuna mbegu kwenye ua unaozuia ng'ombe wasiingie shambani. Ua wa ekari moja unaweza kutupa nini? (Msomaji, Engaruka)

Mama yangu, ninyi mnautumia mti huu mahali pake hasa, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hawauli. Ekari yenye pande sawa ina mzingo wa mita 254 hivi. Ua uliokomaa, mahali penye unyevu, umewahi kukadiriwa huko Mali kutoa kati ya kilo 0.8 na kilo 1 ya mbegu kwa mita kwa mwaka, yaani kilo 200 hadi 250 kwa ua wenu. Kwa mashine ya mkono, kilo 4 hadi 5 hutoa lita moja, kwa hiyo mnaweza kutarajia lita 40 hadi 60 za mafuta ya kutengenezea sabuni, na mashudu ya kurudisha shambani. Hesabuni na muda wenu, kwani kishada kimoja huwa na tunda bichi, la njano na lililokauka kwa wakati mmoja, na lazima mrudi mara kwa mara kuchuma yaliyoiva tu. Mwaka wa ukame kadirieni nusu yake au pungufu.