Gumboro, mdondo na ndui: nilidhani virusi ni virusi tu

Mkuu, umeuliza kwa nini duka la mifugo wanakuuzia chanjo tatu tofauti wakati mdondo, gumboro na ndui yote ni magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi, na kwa nini antibaiotiki isimalize kazi. Swali hilo nilikuwa nalo hadi vifaranga wangu waliponijibu.

Antibaiotiki kwanza, hiyo ni fupi. Bakteria ni kiumbe kamili, ana ukuta wake na mitambo yake ya kutengeneza protini, na dawa inapiga humo. Kirusi hakina vitu hivyo. Ni maelekezo ya kurithi tu, DNA au RNA, yaliyofungwa kwenye ganda la protini. Nje ya seli ya kuku hakili, hakikui, hakizai. Kikiingia, seli ndiyo inayokitumikia. Ile dawa uliyomwaga kwenye maji itapiga bakteria nyemelezi wanaofuata nyuma, basi.

Sasa undugu wao. Mwaka 1971 David Baltimore alivipanga virusi kwa kuangalia vina aina gani ya maelekezo na vinafikaje kwenye RNA ambayo seli inaweza kuisoma. Kwa mpango huo hawa watatu si ndugu hata kidogo. Ndui ya kuku ni DNA ya nyuzi mbili. Gumboro ni RNA ya nyuzi mbili, iliyokatwa vipande viwili. Mdondo ni RNA ya uzi mmoja, tena umeandikwa kinyume, kwa hiyo kirusi kinalazimika kuja na kimeng'enya chake cha kuugeuza. Protini za nje nazo ni tofauti, na kinga ya kuku inatambua hizo protini. Kuku aliyekariri sura ya mdondo hawezi kumjua gumboro.

Kilichonitia hasara mimi lakini ni bahasha. Kirusi cha mdondo kimevaa utando wa mafuta, na sabuni inauyeyusha. Cha gumboro hakina utando huo, ni ganda tupu, gumu kweli. Mimi baada ya gumboro kunipitia nilifagia, nikaosha banda kwa maji ya sabuni, nikasubiri wiki mbili, nikaingiza vifaranga 200. Kirusi hiki kimewahi kupimwa kikiwa bado kinaambukiza kwenye banda baada ya siku 122! Wiki ya nne manyoya yakasimama, wakaanza kuharisha majimaji meupe. Bwana mifugo akapasua mmoja: paja lina madoa ya damu, na kile kifuko kilicho juu ya tundu la haja kimevimba.

Hicho kifuko ndicho kinachokomaza seli za kutengeneza kinga, na gumboro inakiharibu. Waliopona niliwapa chanjo ya mdondo kwa wakati, na mdondo ukaja ukawazoa vilevile. Nikamlaumu aliyeniuzia chanjo, kumbe chanjo imekuta darasa limeshaungua.

Siku hizi natoa maranda yote, nakwangua sakafu, naosha kwa sabuni kwanza kwa sababu kinyesi kinaizuia dawa kufika, halafu napulizia dawa ya glutaraldehaidi na kuliacha banda likauke. Maji ya kuchanganyia chanjo sichoti bombani moja kwa moja, klorini inaua kirusi hai kilichomo kwenye chanjo.

Ndui inaharibu kidogo hesabu yangu ya bahasha. Ina utando, lakini ndani ya magamba makavu ya vidonda inadumu miezi, na mbu wanaibeba. Chanjo yake inachomwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano yenye ncha mbili. Siku ya 7 hadi 10 shika kuku kadhaa uangalie pale ulipochoma. Ukikuta uvimbe mdogo au kigaga, imeshika. Ukikuta ngozi laini kwa wengi wao, rudia.