Jirani wa juu na foleni ya nyumba

Shikamoo Shangazi. Tunaishi London kwenye fleti ya kaunsili (serikali ya mtaa) ya vyumba viwili: mimi, mume wangu, binti aliyetimiza miaka 10 Machi na kijana wa miaka 8. Mwaka wa sita huu tuko kwenye orodha ya kusubiri nyumba nyingine, tunabidi (tunaomba nyumba zinazotangazwa) kila wiki, hatupati. Mwaka jana juu yetu kaletwa kijana mmoja, chumba kimoja, peke yake. Muziki hadi usiku wa manane, bangi kwenye ngazi, lifti yanuka mkojo. Nimepiga simu hadi nimechoka. Mwishowe nimeandika barua ndefu: kwa nini yeye kapewa na sisi bado, na fujo zake zote. Jibu la maana sijaliona. – Mama Wawili

Marahaba mwanangu. (Kwanza nicheke kidogo: mgeni kutoka Unguja akisikia "tunabidi" hudhani mmelazimishwa.)

Barua yako imebeba mizigo miwili, na kule ofisini kila mzigo una mtu wake, na watu hao hawasalimiani. Suala la kupangiwa nyumba likikwama huishia kwa ombudsmani (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa. Namna kaunsili kama mwenye nyumba inavyoshughulikia fujo huenda kwa ombudsmani wa makazi. Andika barua mbili.

La kijana wa juu kupewa nyumba, liache. Hawatakufungulia faili lake, na chumba kimoja hata kingebaki kitupu msingepewa ninyi wanne. Faili lako ndilo lina habari. Kwa kipimo kinachotumiwa na kaunsili nyingi, kaka na dada walio chini ya miaka 10 huhesabiwa chumba kimoja. Binti akifika 10, hahesabiwi tena kulala na kaka yake. Yaani tangu Machi mnapungukiwa chumba. Je, uliwaambia? Kompyuta yao haiimbi wimbo wa siku ya kuzaliwa. Peleka cheti chake cha kuzaliwa, omba bendi yenu, yaani daraja lenu kwenye foleni, iangaliwe upya, na wakikataa dai sababu kwa maandishi na omba mapitio ya uamuzi. Hiyo ni haki yako kwa sheria ya nyumba ya 1996.

Sasa fujo. Kupiga simu kusema "anapiga muziki" ni kuripoti, bado hujalalamika. Malalamiko ni pale unapoandika: "Nalalamikia namna mlivyoshughulikia ripoti zangu." Hapo ndipo saa yao inaanza kwenda: wakishakiri kuyapokea wana siku 10 za kazi kukujibu, na usiporidhika, 20 nyingine kwa hatua ya pili. Baada ya hapo nenda kwa ombudsmani wa makazi moja kwa moja, huhitaji kupitia kwa mbunge.

Nunua daftari. "Kila siku kelele" haisaidii. Andika tarehe, ilianza lini, ikaisha lini, mtoto gani aliamka. Na andika kwa saa zao! Nilipokuwa mkalimani kwenye ofisi ya nyumba, mama mmoja alileta ukurasa safi kabisa, "saa saba usiku", mpwa wake akautafsiri saa saba ya Kizungu. Afisa akasoma, akasema jamani, saa moja jioni mtu hasikilizi redio? Kesi ikalala miezi miwili. Saa saba yetu ni 1 ya usiku kwao, na usiku wa sheria ya kelele unaanza saa 11 ya usiku kwao hadi saa 7 ya asubuhi kwao.

Ukiwa umeripoti mara tatu ndani ya miezi sita, kila mara ndani ya mwezi mmoja wa tukio, sheria ya 2014 ya kuzuia fujo inakupa haki ya kudai kesi ipitiwe. Polisi, kaunsili na wenzao huulizwa pamoja nani kafanya nini. Wengi wetu hatuijui, na wao hawana haraka ya kuitangaza.

Usipande ghorofani kugombana naye, wala mume wako asipande. Nimeona daftari zuri likiharibika kwa jioni moja ya namna hiyo.

Cheti cha binti kipeleke wiki hii, na uombe risiti.