Jibu: Mwili upo hapa, akili iko kwingine

Pole dada uliyeuliza ufanyeje akili itulie, nimekuelewa. Unapanda mwendokasi Kimara unashtuka uko Kivukoni, hukumbuki hata kituo kimoja, na nyumbani mtoto anakuongelesha we unaitikia tu macho kwenye simu. Mi nilikuwa hivyohivyo.

Kilichonisaidia ni kazoezi kadogo tu, kurudisha akili pale mwili ulipo (kwa Kiingereza wanaita mindfulness). Ukiwa foleni ya basi weka simu kwenye pochi, sikilizia miguu ilivyokanyaga chini, jasho mgongoni, kelele za makonda, halafu vuta pumzi polepole uhesabu mpaka kumi. Akili itatoroka, utaanza kuwaza kodi na marejesho ya vikoba, we irudishe tu bila kujigombeza maana kule kuirudisha ndo zoezi lenyewe. (Ila Kariakoo usifumbe macho, pochi itaondoka 😂)

Na ukichambua mchele chambua mchele, voisi za kwenye grupu zitasubiri. Jon Kabat-Zinn, yule Mmarekani aliyeanzisha kozi ya mindfulness 1979, aliipanga wiki 8, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu.

Kama hulali kabisa, au ukitulia tu kumbukumbu mbaya zinakuvamia, acha zoezi kamuone daktari wa afya ya akili, hata Muhimbili wapo.