Anza na Waya Kabla ya Alternata: Kwa Mafundi Wapya wa Magari ya Zamani

Fundi mpya anayeletewa Land Rover Series IIA au Peugeot 504 ambayo taa zake hufifia kila waipa inapowashwa, mara nyingi hukimbilia soko la vipuri la Kisekka kutafuta alternata (mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri) kubwa zaidi. Nakusihi usianzie huko. Magari mengi ya aina hiyo niliyoyapokea hapa Kampala yalikuwa na alternata nzima kabisa, ila umeme wake ulikuwa ukipotelea njiani, kwenye waya mwembamba na viungo vilivyoota kutu, kabla haujafika kwenye betri. Ukifunga alternata kubwa na kuuacha waya uleule, betri haitanufaika sana, na waya utazidi kupata moto.

Kwa hiyo pima kwanza. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, washa taa kubwa, waipa na feni, kisha gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye boliti ya alternata inayotoa umeme na ncha ya pili kwenye kichwa chanya cha betri. Namba utakayoisoma ndiyo volti zinazopotea, na ikipita 0.3 ujue upande huo una kazi. Rudia kipimo kati ya mwili wa alternata na kichwa hasi, ambako hupaswi kuona zaidi ya 0.2. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachosahaulika. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haitoshi kuwa imefungwa kwenye chasi. Inategemea waya wa ardhi. Land Rover moja iliyotoka Karamoja ilikuwa ikitoa volti 14.3 kwenye alternata na 13.3 tu kwenye betri, na nusu ya upotevu huo ilikuwa chini ya boliti moja ya chasi, ambapo waya wa ardhi ulikuwa umekazwa juu ya rangi na vumbi lililoganda. Tulipokwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nusu volti ilirudi bila kununua kitu chochote.

Upande wa chanya una hesabu yake, nayo inafaa uifanye mwenyewe kwenye karatasi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wenye urefu wa mita 3, una ukinzani wa takriban omu 0.021; ukipitisha ampea 40 unapoteza volti 0.84, na wati zipatazo 34 zinageuka joto ndani ya tita la nyaya. Waya wa milimita 16 za mraba kwa urefu huohuo hupoteza volti 0.13 tu. Walioziunda Land Rover za zamani hawakukosea, kwani dinamo yake (mashine ya kuchaji iliyotumika kabla ya alternata) ya Lucas C40 ilitoa ampea 22, na nyaya zilipangwa kwa kiasi hicho. Tena kwenye Land Rover za Series II na Series IIA za mwanzo, umeme wote wa chaji ulipanda hadi dashibodi, ukapita ndani ya ammita (kipimo cha ampea), ndipo ukarudi mbele. Usithubutu kupitisha ampea 60 humo. Peleka waya mpya moja kwa moja kutoka alternata hadi betri, unganisha pamoja kwa boliti nyaya mbili za ammita na uzifunike vizuri, kisha mshauri mwenye gari aweke voltimita.

Unaponunua waya, kata ncha yake uitazame. Zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba, ambazo ndani ni nyeupe, na ukinzani wa alumini ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba. Usitumie pia waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, kwa sababu mtikisiko wa barabara zetu utaukata. Chukua wenye nyuzi nyingi laini. Lagi, yaani vichwa vya chuma vya kwenye ncha za waya, zibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo.

Fyuzi ikae karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa kuwa betri ndiyo yenye nguvu ya kuchoma gari waya unapogusa bodi. Kwa alternata ya ampea 60 na waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi ya ampea 80 inatosha. Waya unapopita kwenye ukuta wa injini, uvishe mpira wa kinga.

Kabla ya kufunga alternata mahali palipokuwa na dinamo, hakikisha ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya kikiwa kwenye bodi, na alternata ya kawaida ikiunganishwa hivyo diodi zake huungua papo hapo. Itabidi ugeuze betri, nyaya za koili, na redio kama ipo. Kijisanduku cha zamani cha kudhibiti dinamo nacho kiondolewe kwenye njia ya umeme. Taa ya chaji usiipuuze wala usiibadilishe na taa ya LED ovyo, maana kwenye alternata nyingi za zamani umeme unaopita kwenye balbu hiyo ya wati 2.2 ndio unaoiamsha ianze kuchaji.

Ukimaliza, rudia vipimo vyote viwili taa zikiwa zimewaka, na betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Mwombe mwenye gari arudi baada ya juma moja la kuendesha, ukaze nati zote upya na uguse kila lagi kwa mkono mara tu injini inapozimwa. Yoyote iliyo na joto kuliko jirani zake haikubanwa sawasawa, ikatwe na ifungwe nyingine. Kisha chora njia mpya ya nyaya kwenye karatasi, uandike unene wa waya, ukubwa wa fyuzi na tarehe, na uibandike ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi kwa ajili ya fundi atakayefuata.